Protini imeganda ndani ya E. coli? Kagua haya kabla hujamwaga mashapo

Wakuu, kila anayetengeneza protini kwenye bakteria ipo siku atakutana na hii. Umekuza BL21 wako vizuri (aina ya E. coli ya maabara), umeweka IPTG, ile kemikali ya kuwasha jeni, umevuna, umepasua, umezungusha kwenye sentrifuji, unaendesha jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa halafu bendi nene kama mkanda wa suruali iko kwenye mashapo, maji ya juu hamna kitu. Mimi mara ya kwanza nilimwaga mashapo nikaanza upya, nikarudia hivyo mara tatu, miezi miwili ikaenda na maji, kumbe nilichokuwa namwaga ndo protini yenyewe na ilikuwa safi kuliko nilivyokuja kuipata baadaye kwa kolamu ya nikeli.

Kinachotokea kwa ufupi: protini ikitoka kwenye ribosomu ni uzi tu, inatakiwa ijikunje mpaka zile sehemu zinazochukia maji zijifiche ndani. Ukiwaamuru bakteria waitengeneze kwa wingi na kwa haraka, nyuzi zinakutana kabla hazijamaliza kujikunja, zinashikana. Ni uji huo. Mwaga bakuli zima la unga kwenye maji yanayochemka uone kama hujapata madonge. Bakteria ana wakorogaji wake, chaperoni wanaitwa, akina DnaK na GroEL, ila wakizidiwa wamezidiwa. Madonge hayo ndo inklusheni bodi, na ukiweka seli chini ya darubini ya fezi unayaona yanang'aa, mara nyingi kwenye ncha za seli.

Nimepanga kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile ninayokutana nayo sana.

DALILI: Bendi nene kwenye mashapo, maji ya juu matupu

Sababu ya kwanza watu hawapendi kuisikia: hamna madonge yoyote, seli hazikupasuka. Seli nzima ukiizungusha kwa 15,000 g inashuka chini na kila kilichomo, hata protini nzuri iliyoyeyuka, halafu kwenye jeli inaonekana kama imeganda. Kukagua ni dakika tano. Weka tone kwenye kioo, lenzi ya mara 100 na mafuta, angalia kabla na baada ya kupasua. Ukiona bado vijiti vimejaa kama njiti za kiberiti, hujapasua. Hata jeli yenyewe inakwambia: mashapo yakiwa na protini zote za bakteria, ngazi nzima toka juu mpaka chini, hizo ni seli nzima, lakini madonge ya kweli yanatoa bendi moja inayotawala na vibendi vichache vya pembeni.

Dawa: lisozaimu 1 mg kwa ml, nusu saa kwenye barafu, gandisha na yeyusha mara moja, ndo uingie kwenye sonikeita, mashine ya kupasua seli kwa mawimbi ya sauti. Washa sekunde 10, zima 20, mrija uwe ndani ya barafu muda wote. Ukishika mrija ukahisi uvuguvugu simama hapo hapo, kwa sababu sasa unaipika mwenyewe na madonge utakayopata ni ya kwako si ya bakteria. Povu nalo linaua protini, likianza ncha ya sonikeita iko juu sana. Na kama sampuli inavutika kama mlenda ukiinua pipeti, hiyo ni DNA, weka DNase (kimeng'enya kinachokata DNA) na magnesiamu kidogo, subiri dakika kumi. Halafu vaa kinga ya masikio jamani, ile sauti si ya mchezo.

Sababu ya pili ni kasi. Nyuzijoto 37, IPTG 1 mM, masaa manne, hiyo ndo resipe iliyoandikwa kwenye kila karatasi ya maelekezo na ndo inayotengeneza madonge kuliko zote. Ule mfumo wa T7 wa mwaka 1986, unaosoma jeni yako kwa polimerasi ya kirusi cha bakteria, una nguvu kupita kiasi, polimerasi yake ikishaanza haiangalii nyuma. Shusha mpaka 16 au 18, IPTG 0.1 mM, acha usiku kucha. Hapa kuna kosa moja nimeliona mara nyingi sana: mtu anaset sheka (mashine ya kutikisa chupa) 18, anaweka IPTG papo hapo, wakati chupa ya lita moja ya midia bado iko 37 na itachukua muda mrefu kupoa kwa upepo tu wa sheka. Yaani saa nzima ya kwanza protini imetengenezwa kwenye joto. Kwa hiyo OD600, kipimo cha wingi wa bakteria, ikifika 0.6, tumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji ya barafu, izungushe kwa mkono mpaka ipoe kweli, ndo uweke IPTG.

Wenye sheka isiyo na friji, nawajua mpo wengi. Dar mwezi wa pili chumba kiko 30 na kitu, ukiandika 18 kwenye kitufe mashine inakuangalia tu. Hamishia sheka kwenye chumba chenye AC, ishushe kadri inavyoweza. Hata 22 au 25 kwa masaa matano ni tofauti kubwa na 37. Umeme ukikatika usiku na sheka ikasimama, usivune ukajifanya hamna kitu, bakteria walikosa hewa na matokeo hayo hayafananishwi na ya jana.

Sababu ya tatu, daraja za salfa. Ndani ya E. coli mazingira hayaruhusu sisteini mbili zishikane kirahisi, kwa hiyo protini inayotakiwa iwe na daraja nne au tano, kama zile za nje ya seli za binadamu, inabaki haina mihimili. Hesabu sisteini zako kabla hata hujaagiza plasmidi, ile DNA ya duara inayobeba jeni yako. Zikiwa nyingi tumia aina za bakteria waliorekebishwa kwa kazi hiyo kama SHuffle au Origami, au wekea protini kibali cha kwenda periplazimu (nafasi kati ya tando mbili za bakteria), pelB kwa mfano, huko daraja zinajengeka.

Sababu ya nne, kodoni, zile herufi tatu tatu za jeni zinazotaja asidi amino. Hii inawahusu sana wenzetu wanaohangaika na malaria. Jenomu ya Plasmodium falciparum karibu asilimia 80 ni A na T, kodoni zake nyingi E. coli hana tRNA (wabebaji wa asidi amino) za kutosha kuzisoma. Mwaka 2006 kuna kundi Marekani lilitoa matokeo ya kujaribu jeni 1000 za kimelea hiki ndani ya E. coli, 337 zikaonekana kutoa protini, na zilizotoa protini iliyoyeyuka zilikuwa 63 tu. Kwa hiyo ukikwama na antijeni ya malaria usijione mjinga. Jaribu Rosetta, bakteria walioongezewa tRNA hizo, ama andikisha jeni upya kwa kodoni za E. coli kama bajeti ipo. Sikufichi lakini, kodoni pekee huwa haimalizi tatizo, protini za kimelea hiki nyingi ni ndefu na zina vipande virefu visivyo na umbo.

Ya mwisho, kipande kimekatwa pabaya. Umechukua nusu ya domeni, sehemu iliyotakiwa kujificha iko wazi, itaganda hata ufanye maombi. Angalia utabiri wa umbo wa AlphaFold, sogeza mpaka asidi amino 10 huku au 10 kule. Na kama protini ni ya utando, ina heliksi saba zinazopita kwenye mafuta, acha kabisa kujaribu mwenyewe kwa mwongozo huu, tafuta mtu anayefanya protini za utando maana zina sabuni zake na masharti yake.

DALILI: Hamna bendi popote, si juu si chini

Hii siyo kuganda, nitapita haraka. IPTG imekufa (imekaa nje ya friza miezi), plasmidi imetoka kwa sababu ampisilini imeoza, jeni iko nje ya fremu, au protini ni sumu kwa bakteria. Anza na koloni mpya iliyowekewa plasmidi jana, siyo ile sahani ya mwaka jana yenye parafilm imepasuka. Kama ni sumu, shuka kwenye dalili ya mwisho, kuganda kunaweza kukuokoa.

DALILI: Sampuli inaganda kama jibini kwenye kisima cha jeli

Aisee hii. Umeyeyusha madonge kwenye guanidini 6 M, kemikali inayokunjua protini kama urea, ukachanganya na rangi ya jeli, ukaona vipande vyeupe, ukapakia hivyo hivyo na njia nzima imechafuka mpaka ya jirani. Protini yako haina kosa. Guanidini na SDS, ile sabuni iliyo kwenye rangi ya jeli, havipatani, vikikutana vinaganda. Potasiamu nayo inafanya ujinga huo huo na SDS. Dawa, chukua maikrolita 10 za sampuli, weka 90 za ethanoli baridi, acha kwenye friza ya -20 dakika kumi, zungusha, mwaga, osha tena na ethanoli, kausha, ndo uweke rangi. Au tumia urea, yenyewe haina ugomvi na SDS.

Onyo hapa hapa: taka za guanidini usizimwagie jiki. Najua tumezoea kuua bakteria kwa jiki kabla ya kumwaga, ila guanidini na jiki vinatoa gesi yenye sumu. Kusanya kwenye chupa yake, andika lebo, mpe anayehusika na taka za kemikali. Likishatokea la kutokea na unasikia harufu kali, toka chumbani kwanza, ita afisa usalama, mambo ya kusafisha baadaye.

DALILI: Madonge hayataki kuyeyuka hata kwenye urea 8 M

Mara nyingi ni uvivu wa kuosha. Mashapo ya kwanza yana kuta za seli, mafuta, DNA, na hayo yanayafunika madonge. Osha mara mbili na bafa yenye sabuni ya Triton X-100 asilimia 1, halafu mara moja bila Triton, wengine wanaongeza urea 1 au 2 M kwenye moja ya hizo osho. Kila mara yavuruge kweli, siyo kutikisa tu. Ukimaliza yanakuwa meupe kama chokaa yenye maji, yale ya kijivu au ya kahawia bado machafu.

Pili, hakuna DTT, kemikali inayofungua daraja za salfa. Daraja za salfa zilizoshikana ovyo hazifunguki kwa urea peke yake. Weka DTT 5 mpaka 10 mM, pH 8. Tatu, urea haitoshi kwa ukubwa wa mashapo, ongeza ujazo, acha ikizunguka masaa mawili au usiku. Ikishindikana kabisa hamia guanidini 6 M, ina nguvu zaidi.

Kuhusu urea yenyewe. Lita moja ya 8 M ni gramu 480, karibu nusu kilo, na ukiiweka kwenye maji chupa inakuwa baridi mpaka inatoa jasho nje, kuyeyuka kunasimama. Hapo ndo mtu anaiweka kwenye hita. Usiipashe ikapita 37, urea ikipata joto inatoa sianeti, na sianeti inajibandika kwenye lisini za protini yako moja kwa moja, utakuja kushangaa mbona uzito kwenye spektromita ya masi umeongezeka 43, 86, 129. Itengeneze siku hiyo hiyo unayotumia. Na kuna kijana aliniuliza kwa nia njema kabisa kama mbolea ya urea ya mfuko inafaa. Kemikali ni ile ile ila usafi si ule, iache kwenye mahindi.

DALILI: Inayeyuka vizuri, nikitoa urea inageuka maziwa

Hapa ndo kazi ilipo, na hapa ndo wengi wanakata tamaa. Matumaini yapo kwa sababu Anfinsen alishaonyesha zamani, na akapata Nobel ya kemia mwaka 1972, kwamba ribonyuklezi iliyokunjuliwa kabisa inaweza kujikunja yenyewe bila msaada. Taarifa zote ziko kwenye uzi. Ila ribonyuklezi ni mtoto mpole, yako pengine siyo.

Sababu kuu ni wingi. Protini iliyokunjuliwa ikiwa 1 mg kwa ml na ukaondoa urea, nyuzi zinakutana zenyewe kwa zenyewe kabla hazijajikunja, umerudi kwenye uji. Shusha mpaka 0.05 mg kwa ml. Ndio, ina maana miligramu 50 zinahitaji lita nzima ya bafa, inaumiza, lakini jaribu kwanza kwenye mililita 10 ujionee. Chukua protini kwenye urea, idondoshe tone tone ndani ya bafa inayozungushwa kwa sumaku kwenye nyuzijoto 4. Tone likigusa, angalia, linaacha wingu dogo jeupe kama moshi. Wingu likipotea endelea. Likibaki, simama, mwache sumaku azunguke saa moja, kisha endelea na dozi nyingine. Kudondosha kwa awamu hivi kunasaidia kwa sababu zilizokwisha kujikunja hazigombani na zinazoingia.

Sababu ya pili ni pH kuwa karibu na pointi ambayo protini haina chaji. Piga hesabu ya pI, yaani hiyo pointi, kaa mbali nayo angalau uniti moja. Hii ni bure kabisa na watu wanaisahau, mtu ana protini ya pI 7.8 anaikunja kwenye Trisi ya 8.0 halafu analia.

Tatu, bafa tupu. Weka ajinini 0.4 M, hiyo asidi amino inazuia nyuzi kushikana bila kuzuia kujikunja, mimi naianza nayo kila mara. Kama protini ina daraja za salfa weka glutathioni za aina zote mbili, iliyopunguzwa na iliyooksidishwa, uwiano wa 10 kwa 1 au 5 kwa 1, pH 8 mpaka 8.5. Kama haina daraja, weka DTT kidogo basi.

Dayalisisi nayo ipo, protini iko ndani ya mfuko wa utando na unashusha urea ya nje 6, 4, 2, sifuri, siku nzima kila hatua. Kwangu imefaulu mara chache kuliko kudondosha, kwa sababu kule kwenye 2 mpaka 4 M protini inakaa muda mrefu ikiwa nusu imekunjwa nusu haijakunjwa, na hapo ndo inaganda sana. Njia nyingine nzuri ni kuikunja ikiwa imeshikwa kwenye kolamu ya nikeli, tagi ya histidini (kipande cha ziada kilichounganishwa na protini) inashika hata ndani ya urea, kila nyuzi imefungwa mahali pake haiwezi kumfikia jirani. Angalia tu DTT usizidishe, kolamu ikigeuka kahawia umeiharibu, ikigeuka nyeupe ni EDTA, kemikali inayokamata metali, imebeba nikeli yote.

Umejaribu bafa nane tofauti na zote maziwa? Simama. Usimalize mashapo yote, mashapo yaliyooshwa yanakaa friza miezi bila shida, mpelekee mtu mwenye uzoefu wa kukunja au rudi mwanzo utengeneze protini upya na tagi nyingine.

DALILI: Iko kwenye maji ya juu, imeyeyuka, lakini haifanyi kazi

Hii ni ya kinafiki. Umeiunganisha na MBP, protini inayoyeyuka kirahisi, kila kitu kimeyeyuka, unafurahi, unakata MBP na proteasi ya TEV, asubuhi mrija una theluji chini. MBP ilikuwa imembeba mgonjwa mgongoni, ukimtoa anaanguka. Wakati mwingine hata kabla ya kukata tayari ni madonge madogo yanayoelea. Kagua kwa spektrofotomita: protini iliyoyeyuka haitakiwi kuwa na chochote cha maana kwenye 350 nm, ukiona mkia unaopanda toka 350 kwenda chini, mwanga unatawanywa na madonge. Kolamu ya ukubwa inathibitisha, kila kitu kinatoka mwanzoni kabisa kwenye ujazo mtupu. Jaribu SUMO (tagi nyingine ya kuyeyusha) badala yake, au leta plasmidi ya chaperoni, au kubali na ukunje toka kwenye madonge.

Sentrifuji ikianza kutetemeka ukiwa unatafuta haya madonge madogo kwa kasi kubwa, zima na ondoka pembeni, usifungue mpaka isimame kabisa, na usiiwashe tena kabla fundi hajaiona rota. Sitanii kabisa hapa.

Na kama lengo ni kumdunga panya, achilia mbali mtu, protini yoyote ya E. coli imebeba endotoksini za ukuta wa bakteria na kuosha na urea hakuziondoi. Usikadirie kwa macho, peleka ikapimwe.

DALILI: Nataka igande na haigandi

Ndio, wapo, na ndo watu wenye akili. Insulini ya binadamu ya kwanza kutoka kwenye bakteria iliruhusiwa Marekani mwaka 1982, minyororo ya A na B ikitengenezwa mbali mbali, na picha za mwaka huo huo zilionyesha E. coli wamevimba kwa madonge. Filgrastimu, ile ya kuinua chembe nyeupe kwa wagonjwa wa kemotherapi, iliyoruhusiwa 1991, nayo inatoka kwenye madonge ndani ya E. coli, yanayeyushwa na kukunjwa upya. Viwandani wanayapenda kwa sababu rahisi: unazungusha, unaosha, protini tayari iko safi kwa sehemu kubwa, na proteasi za bakteria haziifikii ikiwa imejibanza humo.

Barcelona kuna watu wamefanya kazi miaka mingi kuonyesha kwamba ndani ya madonge kuna protini zilizokunjwa sawa na zinazofanya kazi, kwa hiyo kimeng'enya kinaweza kutumika kikiwa donge hivyo hivyo, unakitumia, unakizungusha, unakitumia tena. Ndo maana siku hizi nasema jaribu kwanza kuyeyusha kidogo kidogo, sabuni ya sakosili asilimia 0.2 mpaka 0.5 badala ya urea 8 M, unaweza kuitoa protini bila kuikunjua. Wengine wameunganisha Aβ42, ile ya Alzheimer, na GFP, protini inayowaka kijani: ikiganda haraka GFP haipati nafasi ya kujikunja na koloni haliwaki, kemikali inayozuia kuganda inawasha koloni kijani. Yaani bakteria anakuwa mita ya kuganda.

Sasa kama yako haigandi na unataka igande: panda 37, IPTG 1 mM, ondoa tagi zote za kuyeyusha. Haijatosha, unganisha na KSI, hicho ni kimeng'enya kisichopenda maji kabisa, kinavuta chochote kilichofungwa nacho kwenye donge. Hii ndo njia ya peptidi zinazoua bakteria, maana ukiiacha ielee itamuua huyo huyo anayekutengenezea. Ikiwa ndani ya donge haimgusi. Kuikata baadaye wengi wanatumia bromidi ya sianojeni kwenye methionini, hiyo ni sumu ya kuua, bila chemba ya kufyonza hewa inayofanya kazi na mtu aliyewahi kuitumia amesimama pembeni yako usifungue hata chupa. Mimi naweka asparajini na glisini katikati, nakata na hidroksilamini, inachukua muda lakini nalala usingizi.